Zoloto la hamsta na hoja ya "panya si binadamu"

Mwaka 1973 Walter Dontenwill na wenzake wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio la muda mrefu la kuwavutisha hamsta moshi wa sigara. Hamsta ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, asili yake Siria, mwenye mashavu anayoyajaza chakula kama mifuko. Wengi wao waliishi ndani ya moshi sehemu kubwa ya uhai wao, na baadhi wakapata saratani. Lakini haikutokea pale ilipotazamiwa. Mapafu yalibaki karibu salama. Kilichoota saratani ni zoloto, kile kisanduku cha gegedu kilicho juu ya bomba la hewa, chenye nyuzi zinazotupa sauti. Na taasisi iliyofanya kazi hiyo iligharimiwa na watengenezaji wa sigara wa Ujerumani wenyewe.

Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado hamsta wale wanavutwa huku na huku. Wanaopinga utafiti wa wanyama husema: tazameni, miaka na miaka ya kuwatesa viumbe, mapafu hayakupata kitu, na wakati wote huo watu wakaendelea kufa wakisubiri uthibitisho. Wanaoutetea husema bila maabara tusingejua kwa hakika kwamba moshi husababisha saratani ya koo. Nimezipima hoja zote mbili kwa muda, na naona kila upande unaisoma historia kwa jicho moja. Ila kosa la upande wa kwanza linanisumbua zaidi, kwa sababu wenye huruma ya kweli kwa wanyama wanajikuta wanarudia maneno ya kampuni za sigara.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka kwa watu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill huko London, na Ernst Wynder pamoja na daktari wa upasuaji Evarts Graham huko Marekani, waliwauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu historia yao ya uvutaji, wakawalinganisha na wagonjwa wengine. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuwa bahati nasibu. Miaka mitatu baadaye Wynder na Graham wakaja na panya. Walikusanya lami inayobaki sigara inapoungua, wakaiyeyusha, wakawapaka panya walionyolewa manyoya mgongoni, mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi. Asilimia 44 ya panya hao walipata saratani ya ngozi. Ni jaribio hilo lililozitikisa kampuni za sigara za Marekani. Tarehe 4 Januari 1954 zilitoa tangazo la ukurasa mzima katika mamia ya magazeti, na katika sentensi yake ya kwanza wakatajwa panya, si wagonjwa wa Doll wala wa Wynder. Ujumbe uliofuata kwa miaka mingi ulikuwa huu: panya si binadamu, ngozi si pafu, kupakwa si kuvuta.

Tukubali kwamba pingamizi hilo halikuwa la kijinga. Mgongo wa panya kweli hauvuti sigara. Lami ikiyeyushwa ikawa nzito si sawa na moshi unaopita kooni kwa sekunde chache. Mwanasayansi mwaminifu angeuliza maswali hayohayo, na wengi waliuliza. Tatizo ni kwamba aliyelipia tangazo alikuwa anatafuta muda, na kila jibu lilizaa swali jipya. Mlipaka ngozi? Basi wavutisheni. Mmewavutisha? Hawakupata saratani ya mapafu. Wamepata ya zoloto? Hilo si pafu.

Hapo ndipo maumbile ya hamsta yanapoingia, na wengi wanaobishana kuhusu jambo hili huyaruka. Panya na hamsta hupumua kwa pua tu. Wewe ukivuta sigara, unauingiza moshi kwa mdomo, unaushusha hadi ndani kabisa, unaushikilia, kisha unautoa. Hamsta hafanyi hata moja kati ya hayo. Moshi humwingia kupitia vijia vya pua vyenye mikunjo mingi inayonasa chembe nyingi za lami kabla hazijafika mbali. Akiuchukia moshi, hupumua kijuujuu, kwa pumzi fupifupi. Huwezi kumzidishia kipimo upendavyo, maana kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo ndani ya moshi, itamuua kabla saratani haijaanza. Na uhai wake ni wa miaka miwili hivi, wakati saratani ya mvutaji huchukua miaka ishirini au thelathini kujitengeneza. Kwa hiyo chembe zilizofanikiwa kupita puani zilijigonga mahali pa kwanza penye wembamba na kona: kwenye zoloto. Pale ndipo zilipotua, na pale ndipo saratani ilipoota.

Ukilijua hilo, "mapafu hayakupata kitu" inapungua uzito. Wanyama hawakusema moshi ni salama kwa mapafu; walionesha kwamba palipofikiwa na lami ya kutosha, paliharibika. Lami ilipopakwa ngozini, ilikuwa ngozi. Ilipotua zolotoni, likawa zoloto. Baadaye watafiti walipopata njia ya kuwaweka panya ndani ya moshi mwili mzima, karibu maisha yao yote, hata uvimbe wa mapafu ulitokea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004 na 2005. Kwa hiyo anayesema leo kwamba moshi haujawahi kumpa mnyama saratani anasema lisilo kweli, na anampa mwuza sigara zawadi asiyostahili.

Hamsta walifundisha jambo jingine ambalo wagonjwa wasingeweza kulifundisha. Waliovutishwa moshi kamili walipata saratani ya zoloto. Waliovutishwa hewa ya moshi iliyochujwa chembe hawakuipata. Binadamu hajawahi kuvuta hewa hiyo peke yake kwa miaka, wala hakuna mwenye haki ya kumwomba ajaribu. Jaribio hilo lilielekeza kidole kwenye lami. Tena, mwaka 1974 Peter Bernfeld, Freddy Homburger na wenzao wa Cambridge, Massachusetts, walionesha kwamba nasaba mbili za hamsta zilizozalishwa kwa uangalifu hazikuathirika sawasawa: nasaba moja ilipata saratani ya zoloto kwa wepesi kuliko nyingine. Kwetu kila mtaa una mzee aliyevuta tangu ujana akafika miaka tisini, naye hutolewa kuwa ushahidi kwamba sigara haina neno. Jibu lilikuwa tayari limo ndani ya vizimba vile: moshi uleule, miili tofauti, na aliyenusurika hamtetei aliyeugua.

Sasa swali la thamani. Jaribio laweza kuwa zuri kisayansi na bado likapotea bure, na hapa ndipo hoja ya watetezi inapoyumba. Kazi ya Homburger ilifadhiliwa na baraza la utafiti lililoundwa na kampuni za sigara za Marekani. Kwa maelezo aliyoyatoa miaka mingi baadaye, wawakilishi wa baraza hilo walimtaka aliondoe neno saratani kwenye andiko lake na kulitaja lile alilokuwa amelikuta kwa istilahi laini ya kitaalamu, na mkutano wa waandishi wa habari aliokuwa ameupanga ukazimwa. Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani. Hamsta walikuwa wamekwisha kufa. Mateso yao yalikuwa yamekwisha kulipwa, kama tunakubali kuyaita malipo, na kilichobaki ni neno moja tu kuandikwa sawasawa. Kama neno lenyewe lapiganiwa hivyo, mwenye kutetea utafiti hana budi kueleza kwanza nani atamiliki matokeo. Mwaka 1970 kampuni moja kubwa ya sigara, R.J. Reynolds, iliifunga maabara yake ya panya huko Winston-Salem na kuwaachisha kazi wanasayansi 26. Hakuna anayeweza kusema panya wale walimsaidia mgonjwa yeyote.

Mwaka huohuo wa 1970 lilitangazwa jaribio la Oscar Auerbach na Cuyler Hammond: mbwa 86 wa aina ya beagle waliofundishwa kuvuta sigara katika hospitali ya maveterani, yaani askari wa zamani, ya East Orange, New Jersey. Ili moshi uyafikie mapafu, mbwa walitobolewa tundu shingoni, chini ya zoloto, na moshi ukaingizwa hapo kwa mpira. Ndiyo sababu jaribio hilo halituambii chochote kuhusu koo. Moshi ulilipita zoloto bila kuligusa. Ninapoisoma habari hiyo nawakumbuka wagonjwa wa saratani ya zoloto walioondolewa kiungo hicho chote. Nao hupumua kwa tundu lilelile la shingoni, na sauti waliyozaliwa nayo hairudi. Mbwa walitobolewa ili tuelewe ugonjwa ambao mwisho wake ni kumtoboa mtu vilevile. Sioni namna ya kulitazama jambo hilo bila uchungu wa pande zote mbili.

Turudi kwenye dai la kuchelewa. Je, ni kweli serikali zilisubiri wanyama? Tarehe 11 Januari 1964 Luther Terry, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyosema uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu na ya zoloto kwa wanaume. Hapo zoloto limetajwa wazi, miaka tisa kabla ya hamsta wa Hamburg. Kamati iliyoiandaa ripoti hiyo ilijua fika kwamba hakuna mnyama aliyekuwa amepata saratani ya mapafu kwa kuvuta moshi, na haikuona kuwa ni kizuizi. Uzito ulikuwa kwenye takwimu za watu. Kwa hiyo wanyama hawakuchelewesha ukweli. Waliouchelewesha ni waliokuwa na fedha za matangazo na mawakili. Lakini ukweli huohuo unamkata mtetezi pia: kama binadamu walitosha mwaka 1964, hamsta wa 1973 hawakuwa sharti la kumlinda mtu yeyote. Walieleza namna moshi unavyodhuru, hawakuthibitisha kama unadhuru.

Kutoka hapo kuna njia ndefu hadi kwenye majaribio ambayo sina neno la kuyatetea. Mwaka 1975 mwandishi Mary Beith alijipenyeza kama mfanyakazi katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI huko Uingereza, na gazeti la Sunday People likachapisha picha za mbwa wa beagle waliofungwa mahali pamoja, nyuso zao zimevikwa vifaa vya kuvutishia moshi. Kilichokuwa kinapimwa ni tumbaku ya kutengenezwa, iliyotarajiwa kuwa na madhara madogo. Sigara hizo ziliingia sokoni mwaka 1977, wanunuzi wakazikataa. Tofauti kati ya mbwa hao na hamsta wa Hamburg ni swali lililoulizwa. Kwingine swali lilikuwa sehemu gani ya moshi inaua. Hapa lilikuwa tupate bidhaa gani ya kuuza. Ujerumani ililiona hilo ilipoirekebisha sheria yake ya ustawi wa wanyama mwaka 1986, ikakataza kimsingi kutumia wanyama kutengeneza bidhaa za tumbaku. Uingereza ikaacha kutoa leseni za majaribio ya bidhaa za tumbaku mwaka 1997.

Asije mtu akaichukua hoja hiyo na kuifunika juu ya utafiti wote wa saratani ya koo. Mwaka 1991 jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani, lenye wagonjwa 332 wa saratani ya zoloto iliyokomaa, lilionesha kwamba dawa pamoja na mionzi viliweza kuliokoa zoloto kwa asilimia 64 ya waliopewa tiba hiyo, bila kupunguza maisha yao ukiwalinganisha na waliofanyiwa upasuaji. Ni watu hao walioturuhusu kujua hivyo. Lakini dawa mojawapo ilikuwa sisiplatini, ambayo uwezo wake wa kuzuia seli kugawanyika Barnett Rosenberg aliugundua akichunguza bakteria, kisha ikajaribiwa kwa panya wenye uvimbe kabla haijaingia kwenye mshipa wa binadamu. Mtu anayeongea leo kwa sauti yake mwenyewe kwa sababu ya tiba hiyo ana deni kwa panya wale. Sijapata hoja ya kulifuta deni hilo, wala sitamani kulificha.

Ninakosimama mimi ni hapa. Kwa chanzo cha saratani ya koo, swali lilikwisha jibiwa, na kila mnyama anayevutishwa moshi wa sigara leo ili kulithibitisha tena anateswa bila sababu. Kwa tiba, bado kuna nafasi finyu yenye masharti. Kinachonitia wasiwasi ni eneo la kati: tumbaku inayopashwa moto bila kuungua na bidhaa nyingine mpya. Mtengenezaji anayetaka kibali Marekani huleta mafaili yenye majaribio ya panya waliovutishwa mvuke wa bidhaa yake, na miongoni mwa viungo vinavyochunguzwa kwa makini ni zoloto lilelile. Zoloto la panya, hasa chini ya kidaka tonge, kile kifuniko kinacholiziba tunapomeza, hubadilika ngozi yake ya ndani hata likiguswa na mwasho mdogo, kiasi kwamba wataalamu wengi wa sumu huyaona mabadiliko mepesi ya aina hiyo kuwa ni mwili kujihami tu. Basi panya akionesha mabadiliko, kampuni itasema ni kujihami. Asipoonesha, itasema bidhaa ina nafuu. Jaribio ambalo majibu yake yote mawili yanamfaa mlipaji halistahili uhai wa mnyama, na ofisi inayotoa vibali inaweza kuanza kwa kukataa kulipokea.