Muamala Mdogo Nisioukumbuka

Nilikuwa karibu kulala simu ilipotoa mlio. Meseji ya benki: kadi yangu imekatwa hela kidogo mno na duka nisilolijua. Kilikuwa kiasi ambacho ukikidondosha njiani huenda usirudi kukiokota. Nikajiambia labda ni programu niliyojiunga nayo nikasahau, nikaweka simu chini. Asubuhi nikakuta meseji nyingine tatu, na hizo hazikuwa za hela kidogo.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kuonja. Mwizi aliyenunua namba za kadi hajui ipi bado inafanya kazi, kwa hiyo anaipima kwanza kwa kiasi kisichoshtua mtu. Kadi ikikubali na mwenyewe akakaa kimya, ndipo anapochota. Kwa maoni yangu, muamala mdogo usioukumbuka ndio wa kukukimbiza benki usiku huohuo. Mkubwa utaushtukia tu, hata uwe mzembe namna gani.

Niliposimulia watu, swali la kwanza lilikuwa, "Kwani uliingia tovuti gani?" Swali hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu linamhukumu aliyeibiwa kabla hajamaliza kusema. Mwaka 2018 wezi walipenya kwenye mfumo wa British Airways, shirika la ndege la Uingereza. Wateja walijaza namba za kadi kwenye tovuti halali kabisa ya shirika, na namba hizo zikawafikia wezi. Walioathirika walizidi 400,000, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Wateja wale walikosea nini? Tunaambiwa kila siku tutazame alama ya kufuli karibu na anwani ya tovuti. Kufuli hilo linaonyesha tu kwamba unachoandika kinasafiri kikiwa kimefichwa. Aliye upande wa pili halimjui, na tapeli naye anaweza kuliweka bure.

Ndiyo maana siku hizi sitegemei macho peke yake. Kadi ninayonunulia mtandaoni siyo ile ya akaunti ya mshahara. Ina ukomo mdogo, na naifunga kwenye programu ya benki hadi dakika ya kulipa. Namba zake siziachi zihifadhiwe kwenye duka la mtandaoni hata nikibembelezwa. Kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ndiyo inayonitisha zaidi: kwa kadi ya mkopo, wewe na benki mnabishana juu ya deni, na sheria ya Marekani, kwa mfano, haimruhusu mwenye kadi hiyo kubebeshwa zaidi ya dola 50 za matumizi yasiyo yake. Kwa hii nyingine, hela yako imeshaondoka, nawe unasubiri irudishwe huku kodi ya nyumba ikidaiwa.

Siku ileile ya mahangaiko, mtu alinipigia akijiita ofisa wa benki. Alinitajia jina langu na tarakimu nne za mwisho za kadi. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayekuonea huruma. "Tunazuia wizi sasa hivi, nisomee namba iliyoingia kwenye simu yako." Nilishafungua mdomo. Kisha nikaisoma meseji yote, siyo namba tu: ilikuwa na jina la duka na kiasi cha kulipwa. Ningemsomea, ningekuwa nimemwidhinishia malipo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakata, nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi.

Kadi ilifungwa ndani ya dakika chache. Nikaandika saa niliyopiga na namba ya malalamiko yangu, nikajaza fomu ya kupinga ile miamala mitatu. Ule mdogo sikuuandika, niliona haya kudai hela kidogo hivyo. Ofisa akanirudishia fomu niuongeze, kwa sababu ndio ulioonyesha wizi ulianza saa ngapi.