Ada ya Mwaka Imekatwa: Kadi Ipi Ibaki, Ipi Iondoke?

Wiki iliyopita nilifungua taarifa ya mwezi ya kadi yangu ya safari nikakuta, katikati ya mafuta ya gari na unga wa sembe, mstari mmoja wa dola 795. Ada ya mwaka. Kadi yenyewe ni Sapphire Reserve ya benki ya Chase. Ilipozinduliwa Agosti 2016 ada ilikuwa dola 450, mwaka 2020 ikapanda hadi 550, na Juni 2025 benki ikatangaza hiyo 795. American Express nao hawakukubali kuachwa nyuma: Platinum yao, iliyokuwa dola 695 tangu 2021, sasa ni 895. Kwa sisi tunaoishi hapa Maryland na kurudi Dar kila baada ya miaka miwili, fedha hiyo imeanza kuchungulia bei ya tiketi.

Jumapili watu walikuwa nyumbani, biriani iko mezani, nikalitaja jambo hilo. Kosa langu. Kaka wa mke wangu akawa wa kwanza: “Shemeji, kadi haifungwi hata siku moja. Funga moja tu, kredit yote chini, halafu ukienda kuomba mkopo wa nyumba wanakuangalia hivi hivi.” Dada yangu, ambaye miaka yake yote ya Marekani hajamiliki kadi ya mkopo, akajibu bila kuinua macho kwenye sahani: “Unamlipa mtu dola mia nane ili akupe zawadi? Zifunge zote, mdogo wangu.”

Dada ana sababu yake ya dini. Mkataba wa kadi una kifungu cha riba, na masheikh wenyewe hawajakubaliana kama anayelipa salio lote kila mwezi yumo au hayumo. Hilo siliingilii. Lakini hata ukiiweka dini pembeni, upande wake una nguvu kuliko wapenda pointi, zile zawadi unazolimbikiza kila ukilipa kwa kadi, tunavyotaka kukiri. Riba ya kadi hapa imevuka asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye deni la dola 3,000 linalolala mwezi hadi mwezi analipa zaidi ya dola 600 za riba, ilhali pointi alizopata kwa manunuzi hayo, hata tukizithamini kwa ukarimu, hazifiki 100. Mtu wa namna hiyo hana haja ya uchambuzi wowote. Alipe deni kwanza, kadi ya ada kubwa aiache. Kuna na mtego mwingine unaowanasa wengi wetu: kutuma pesa nyumbani kwa kutumia kadi ya mkopo. Mara nyingi benki huhesabu kama umechota fedha taslimu. Utakatwa ada, riba itaanza siku hiyohiyo, na pointi hupati hata moja.

Turudi kwa shemeji. Hofu yake ndiyo niliyoisikia zaidi kwa Watanzania na Wakenya wa huku, na nusu yake ni ya kweli. Alama za mkopo za FICO, namba ambayo benki za hapa huitazama kabla ya kukukopesha, hugawanywa hivi: asilimia 35 ni historia yako ya kulipa kwa wakati, 30 ni deni unalodaiwa, 15 ni urefu wa historia, na zilizobaki ni kwa mikopo mipya na aina za mikopo uliyonayo. Watu huogopa hiyo 15 ya urefu wa historia, wakidhani kadi ikifungwa umri wake unafutika. Haufutiki. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi hubaki kwenye ripoti yako ya mkopo hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo.

Panapouma ni kwenye ile 30. Chukua mtu mwenye kadi mbili, moja ina kikomo cha dola 10,000, nyingine 5,000, na taarifa za mwezi huu zinaonyesha dola 1,500. Ametumia asilimia 10 ya alichoruhusiwa. Akiifunga ile ya 10,000, matumizi yaleyale yanakuwa asilimia 30 kwa siku moja, na alama zitashuka. Ila zitapanda tena akilipa au akiongezewa kikomo kwingine. Si kovu la maisha. Kwa hiyo kama unakwenda kuomba mkopo wa nyumba miezi mitatu ijayo, shemeji yuko sahihi: usiguse kitu. Kama huombi chochote, na kadi nyingine zina vikomo vya kutosha, hofu hiyo inakugharimu dola mia kadhaa kila mwaka ili kulinda namba ambayo hakuna anayeitazama.

Ajabu ni kwamba wakati watu wanaogopa alama, hawaogopi kupoteza pointi, na huko ndiko hasara halisi ilipo. Lazima ujue pointi zako zinakaa kwa nani. Maili za United au Delta zilizopatikana kwa kadi yenye jina la shirika zimo kwenye akaunti yako ya shirika. Ukifunga kadi, maili zinabaki, na kwa mashirika hayo mawili hazina tarehe ya kuisha. Pointi za benki ni habari nyingine. Za Chase na za American Express zinakaa benki. Ukifunga kadi yako ya mwisho ya mpango huo kabla hujazihamisha, zimekwenda. Na kwa Chase hata kadi isiyo na ada, mfano Freedom Unlimited, itazihifadhi pointi lakini haitakuruhusu kuzipeleka kwa shirika la ndege. Zitabaki na thamani ya senti moja kila pointi. Mlango wa mashirika unafunguliwa na kadi za ada kama Sapphire Preferred, dola 95.

Mlango huo kwetu una maana kubwa kuliko kwa Mmarekani anayekwenda Florida, maana nauli zetu za Julai na Desemba hazina huruma. Pointi za Chase zinahamia Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, moja kwa moja, bila kupungua, na kwa Aeroplan unaweza kukata tiketi ya Ethiopian: Dulles (uwanja wa ndege wa Washington), Addis, Dar, bila zile tozo za mafuta zinazoongezwa na programu nyingine. Zinahamia Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, ambako Kenya Airways inapatikana kwa kuwa wote wamo kwenye muungano wa mashirika wa SkyTeam. Zinahamia British Airways, na Avios, yaani pointi za huko, unaweza kuzisogeza hadi Qatar Airways, ambayo inatua Dar, Kilimanjaro na Zanzibar. Hata hoteli: pointi zilezile zinahamia Hyatt, wenye Park Hyatt pale Shangani, Zanzibar, na ile Kilimanjaro ya Dar inayotazama bandari.

Emirates ilikuwemo kwenye orodha hiyo. Oktoba 2025 Chase wakaiondoa. Mwezi mmoja kabla, American Express walikuwa wamepunguza: pointi 1,000 zinakupa maili 800 za Emirates badala ya 1,000. Rafiki yangu mmoja alikuwa akilimbikiza kwa miaka minne, akingoja siku atakayompandisha mama yake daraja la juu kwenye ndege ya Dubai. Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema “naiweka kadi kwa sababu ya pointi nilizonazo.” Pointi si dhahabu. Delta waliondoa jedwali la bei za maili mwaka 2015, United wakafuata 2019, na tangu hapo bei ya kiti inapangwa na shirika lenyewe litakavyo. Pointi zilizokaa tu ni kama nyanya kwenye tenga.

Sasa zile kuponi. Wanaotetea Reserve na Platinum hukwambia ada inajirudisha, wakikuorodheshea marupurupu ambayo ukiyajumlisha yanapita ada mara mbili. Tuyapitie yale ya Reserve. Dola 300 za safari ni fedha halisi. Zinarudi zenyewe ukilipia ndege, treni, hata maegesho. Ada inabaki 495. Kuna dola 500 za hoteli kutoka orodha teule ya benki, kwa sharti la kulala angalau siku mbili na kulipia mapema. Kuna 300 za migahawa iliyochaguliwa, zimekatwa nusu mwaka nusu mwaka. Kuna 300 za tiketi za matamasha kwa StubHub. Mke wangu aliuliza swali moja tu: “Mara ya mwisho tumekwenda tamasha lini?” Mwaka ule watoto hawajazaliwa.

Mtu asiye na watoto, anayesafiri kikazi kila mwezi na kula nje mjini New York, anaweza kuzitumia zote bila kujilazimisha, na kwake dola 795 ni rahisi kweli. Sina ubishi naye. Ninachobishia ni kuihesabu kuponi kwa bei iliyoandikwa badala ya bei ambayo ungekubali kuitoa mfukoni. Zile dola 15 za Uber za kila mwezi ndani ya Platinum, zinazokufa mwezi ukiisha na hazifanyi kazi nje ya Marekani, kwangu zina thamani ya dola tano. Za mgahawa nisioujua, sifuri. Ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege nauthamini, hasa ukiwa na watoto na saa sita za kungoja, lakini kwa safari moja ndani ya miaka miwili ningelipia mlangoni na bado nikabakiwa na chenji.

Kadi yangu ya pili ni ya United, Explorer, nayo ni dola 150 baada ya mwaka wa kwanza. Niliichukua kwa ajili ya begi la bure. Nilichelewa kung’amua kwamba begi hilo ni la ndege zinazorushwa na United yenyewe, tena ukiwa umenunua tiketi kwa kadi hiyo. United haifiki Dar wala Nairobi. Na Ethiopian kwenye njia yetu wanakupa mabegi mawili ya kilo 23 bila kadi ya mtu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilipia ruhusa niliyokuwa nayo tayari. Hii nimeifunga bila kuumia, maana maili zinabaki United. Anayeruka na United kwenda Houston mara nne kwa mwaka aiweke. Begi la kwenda na la kurudi kwa watu wawili linaweza kuirudisha ada safari ya kwanza tu.

Ya tatu ni ya zamani, haina ada, nilipewa nikiwa mwanafunzi na kikomo cha dola 500. Hiyo inakaa. Nimeiunganisha na bili ya simu ili benki isiifunge kwa kutotumika, na inajilipa yenyewe. Safarini haitoki droo: kadi nyingi za aina hiyo hukata asilimia 3 ya ziada ukinunua nje ya Marekani. Si kwamba Kariakoo utahitaji kadi, huko ni M-Pesa na noti, lakini kwenye hoteli na ada za mbuga za wanyama utaihisi.

Ikabaki Reserve. Watu wengi husahau kwamba kati ya kubaki na kufunga kuna njia ya tatu: kuishusha daraja. Akaunti ni ileile, umri uleule, kikomo kilekile, hakuna ombi jipya kwenye ripoti, ila unahamia kadi ya ada ndogo au isiyo na ada. Kwa kawaida inabidi kadi iwe imetimiza mwaka. Muda nao ni muhimu: benki kubwa hurudisha ada nzima ukichukua hatua ndani ya siku 30 hivi tangu ilipokatwa. Ubaya wake ni bonasi. Aliyefunga anaweza siku moja kuomba upya akalipwa bonasi ya kujiunga, kanuni za benki zikimruhusu. Aliyeshusha hapati kitu kwa kushusha. American Express wana kanuni kali zaidi: bonasi ya kadi moja, mara moja maishani. Wakati mwingine, ukiwaambia unataka kufunga, wanakuwekea pointi kadhaa ubaki. Kuuliza hakuna ada.

Jumanne nilipiga simu. Kwa dakika kumi na mbili Reserve ikawa Preferred, ada ya 795 ikawa inarudishwa na ya 95 inakuja. Shemeji akaandika: “Umefunga?” Nikamjibu nimeshusha. Akatuma kidole gumba. Dada alituma kicheko.

Usiku nilikaa na kompyuta kutafuta viti vinne vya Julai kwa pointi, kwanza kutafuta, baadaye kuhamisha, maana zikishahamia Aeroplan hazirudi benki. Dulles hadi Dar vilikuwepo viwili. Nimevichukua. Viwili vingine tutanunua, na dola 700 nilizookoa kwenye ada zimeshapata pa kwenda.