Mjini Mombasa: chini pamejaa, juu patupu

Simama Moi Avenue, karibu na Mapembeni, adhana ya magharibi ikikaribia. Milango ya chuma inateremshwa mmoja baada ya mwingine. Mchuuzi wa viatu vya mitumba anavifunga viwili viwili kwa kamba zake, anavitia guniani na kumwachia mlinzi wa duka shilingi 50 amwekee hadi asubuhi. Saa mbili na nusu ikifika, barabara nzima imebaki na walinzi, paka na tuktuk zinazosaka abiria wa mwisho wa Ferry, kivuko cha Likoni. Sasa tembea dakika 20 hadi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Huko wazee wako barazani, muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, mtoto katumwa mkate dukani na duka liko wazi. Ni kisiwa kile kile na usiku ule ule.

Hilo hunijia kila nikisikia "mji umekufa", kauli ambayo siku hizi haikosi kwenye kahawa yoyote ya Mombasa. Wanaoisema wamegawanyika pande mbili. Wengine wanasema wachuuzi wameumeza mji. Wengine wanasema mji ulinyongwa kutoka Nairobi, kwa reli na kwa amri. Kila upande una haki yake, ila mimi naona wote wanatazama chini, penye meza na makontena, wakati kilichoondoka kiliondokea juu, kwenye ghorofa ambazo zamani zilikuwa na ofisi na familia na leo nyingi ni stoo.

Hesabu zenyewe ziko wazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171, mtu mmoja katika kila wanane. Kisauni pekee ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Tangu Daraja la Nyali la sasa lifunguliwe mwaka 1980, mji umekuwa ukivuka kidogo kidogo kwenda ng'ambo: kwanza nyumba, kisha shule, kisha benki, mwisho masupamaketi. Mkaazi wa Bamburi leo anaweza kumaliza mwezi bila kuukanyaga mji, na wala hana la kujutia.

Upande wa reli nao una hoja nzito. Mwaka 2017 treni ya abiria ilihamia reli mpya ya SGR na kituo chake kikawa Miritini, nje ya kisiwa. Stesheni ya zamani, pale mwisho wa Haile Selassie, ilipoteza abiria waliokuwa wakishuka asubuhi na kutawanyika kwa miguu kutafuta chai, gesti na usafiri wa mbele. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo ya bandari ipelekwe kwa SGR hadi Embakasi, Nairobi, na watu wakaandamana mjini kila Jumatatu. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto aliurudisha utoaji wa mizigo Mombasa.

Waliotarajia kwamba agizo hilo la Ruto lingeufufua mji wangojee zaidi. Makontena hayashughulikiwi Nkrumah Road. Yadi nyingi za kuyahifadhi ziko upande wa Changamwe na Miritini, na makaratasi ya kutolea mzigo yamehamia kwenye mfumo wa kompyuta, hivyo wakala halazimiki tena kuwa na ofisi hatua chache kutoka forodhani. Ajira zilizorudi ni jambo jema, lakini zimeyaruka madirisha ya Moi Avenue.

Sasa wachuuzi, ambao ndio ugomvi wenyewe. Mzee mmoja muuza vitambaa aliniambia: "Mwanangu, mimi nalipa kodi, leseni na stima. Yule pale mlangoni kwangu analipa ushuru wa siku tu, na wateja anawapata yeye kabla yangu." Huwezi kumbishia. Wala huwezi kumbishia mama aliyebeba mtoto akapita Digo Road katikati ya matatu kwa sababu njia ya miguu imetandikwa turubai za sidiria na chaja za simu. Mwenye kiti cha magurudumu ndiye hapiti kabisa.

Lakini mtazame na yule mchuuzi. Anakaa Kisauni au Likoni, amevuka asubuhi kwa sababu mjini ndiko watu wanakobadilisha matatu, na penye miguu ya watu ndipo penye mauzo. Ukimpeleka soko jipya lililojengwa kando, utamkuta kanjo, askari wa kaunti, wakimkimbiza pale pale pa zamani baada ya wiki mbili. Na kuna siri ambayo wenye maduka hawaisemi kwa sauti: wapo wanaompangisha mchuuzi hizo hatua mbili mbele ya mlango wao, na wapo wanaomtoa nje kijana na mali ya duka lile lile.

Nenda Biashara Street kabla ya Idi uone. Kwa Kaderdina, wenye leso za "Mali ya Abdulla" na biashara ya tangu 1887, wanawake wanapekua doti na kusomeana majina, huku nje meza zimebanana. Duka na meza zinalishana. Kwa hiyo mimi si wa kufagia, na si wa kuacha kila mtu atandike apendapo. Mchana njia ya miguu iachwe wazi kwa kipimo kinachojulikana. Maduka yakishafungwa, barabara mbili tatu wapewe wachuuzi, na taa ziwashwe. Moi Avenue usiku haina anayeitumia. Kwa nini tuwakimbize walio tayari kuitumia?

Rangi nitaigusa tu. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Palipendeza. Ndani ya majengo hakuna kilichobadilika.

Mama Ngina ni habari nyingine. Ufuo ule ulikarabatiwa mwaka 2019 kwa takriban shilingi milioni 460, na jioni hapashikiki: madafu, mihogo ya kukaanga, kachiri, watoto wanakimbizana. Umethibitisha kwamba watu wa ng'ambo bado watavuka kuja kisiwani wakiwa na pa kukaa bila kufukuzwa. Ila wakishamaliza muhogo wao hurudi makwao, na mji kati hawakuupitia.

Tatizo ni pa kulala. Hapa ndipo wapenda maghorofa na walinzi wa Mji wa Kale hushikana mashati. Wa kwanza wanasema: jenga, kaeni juu kwa juu, kisiwa ni kidogo. Wa pili wanaonyesha nyumba za Kibokoni na Kuze zilizovunjwa, pakasimama majengo marefu yanayoziba upepo wa jirani, katika eneo ambalo ni urithi uliolindwa kisheria. Ninawaelewa warithi. Nyumba ya babu yenye warithi 14 haina wa kuitengeneza paa, na mjenzi huja na pesa taslimu. Hata hivyo, ile sehemu pekee ya mji iliyo hai usiku ndiyo tunayoivunja ili tupate watu wa kukaa mjini. Hilo halinielei.

Mtaa wa Majengo nako kuna mtego wake: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Benki haikukopeshi juu ya nyumba isiyo na ardhi, basi unaikarabati kwa mabati na subira. Mtaa wa Buxton ulijaribu njia ya kuvunja na kuanza upya. Wapangaji walihama mwaka 2021, nyumba zilizochoka za enzi ya ukoloni zikaondoka, na maghorofa mapya yakasimama. Wanaoisifu wanasema kisiwa kimepata makazi ya heshima. Wanaoilaumu wanauliza ni wangapi kati ya wale wa kwanza walioweza kutoa amana ya kurudi.

Mimi ningeanzia kwenye zile stoo. Ghorofa za juu za Moi Avenue na Nkrumah Road tayari zina kuta, ngazi na paa. Mwenye jengo apunguziwe ushuru wa kaunti akizigeuza vyumba vya kupangisha, na asipunguziwe akizifanya stoo. Kikwazo kikubwa, nakiri, ni maji. Vyanzo vyetu vikuu vya maji, Baricho, Mzima, Marere na Tiwi, viko nje ya kaunti, na mjini mkokoteni wa madumu bado ni biashara nzuri.

Juzi nilimuuliza yule wa viatu kama angepanga chumba ghorofa ya tatu, juu ya meza yake mwenyewe, aache kuvuka na gunia. Alicheka. "Kaka, nauli ningeokoa, hilo kweli," akasema, akifunga kamba za jozi ya mwisho. "Lakini hebu niambie, maji huko juu yanapanda?"