Wiki 8 za nyumbani, saa 20 za Marekani

Watanzania tulioko Marekani tuna usemi tunaoupenda sana: wanafunzi wa vyuo vya huku wanahudumia jamii, wa kwetu hawana habari. Ukihesabu muda, usemi huo hausimami. Mwanafunzi wa nyumbani anayekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, anamaliza saa 320. Kozi ya kawaida ya huku inayochanganya masomo na huduma kwa jamii hudai saa 20 hivi kwa muhula mzima. Kwa muda tunawaacha mbali. Wanachotuzidi ni namna zile saa 20 zinavyofungwa kwenye somo.

Fildi yetu tunaijua. Mwanafunzi anachukua barua ya utambulisho idarani, anazunguka nayo ofisi hadi ofisi mpaka apate pa kupokelewa, na anayempokea hajaambiwa kijana huyu anajua nini wala anatakiwa ajifunze nini. Wiki ya kwanza anatoa fotokopi. Wiki ya tatu bado anatoa fotokopi, ila sasa anaaminiwa na funguo za stoo. Logbuku, daftari la kazi za kila siku, inajazwa Ijumaa jioni kwa siku zote 5 kwa mkupuo, "nilisaidia shughuli za ofisi", kisha inagongwa muhuri. Msimamizi kutoka chuo anapita mara moja, naye ana wanafunzi mkoa mzima. Ripoti inafungwa vizuri, inapelekwa idarani, na ofisi iliyompokea mwanafunzi haiioni tena.

Sasa chukua wanafunzi wa uhasibu wa huku wanaojiunga na VITA, programu ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya kuwajazia bure fomu za kodi watu wa kipato cha chini. Kabla hajamgusa mteja, mwanafunzi anafanya mtihani wa maadili na mtihani wa sheria ya kodi, na asipofikisha asilimia 80 hajazi fomu ya mtu. Msimu wenyewe unaanza mwishoni mwa Januari na kilele chake ni Aprili 15. Mteja, mara nyingi mhamiaji kama sisi, anakuja na karatasi za mshahara za kazi mbili, kitambulisho chake na kadi za hifadhi ya jamii za watoto. Mwanafunzi anaanza na maswali: nani aliishi na nani, miezi mingapi, nani alilipa gharama za nyumba. Hapo ndipo somo lilipo. Darasani kanuni ya tegemezi, yaani nani anahesabiwa kwamba unamtunza, ni aya mbili; mezani ni mama anayeambiwa kwamba fomu yake imekataliwa kwenye mfumo kwa sababu baba wa mtoto keshamwandika mtoto huyo huyo kwenye fomu yake. Na kila fomu lazima ikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Mwanafunzi akikosea, anajua siku ile ile na anajua kwa nini.

Kozi hizi zikiendeshwa vizuri, alama haitolewi kwa saa. Saa ni sharti tu. Alama inatokana na kazi inayoonyesha alichojifunza. Baada ya kila zamu anaandika ukurasa mmoja: nini kilitokea, kinahusianaje na tulichosoma, safari ijayo nifanye nini tofauti. Mhadhiri akiacha kuusoma ukurasa ule, kozi nzima inageuka logbuku ya Ijumaa.

Nao wana madudu yao. Anayetaka kufundisha watoto kusoma lazima achunguzwe rekodi zake polisi. Majibu yakichelewa hadi wiki ya 6 katika muhula wa wiki 15, theluthi ya muda imekwenda. Mwanzoni mwa Desemba muhula unakwisha, mwanafunzi anaondoka, na mtoto aliyeanza kumzoea anabaki akitazama mlango. Shirika la mtaani linatumia saa nyingi kumfundisha mgeni kazi kuliko saa anazolifanyia kazi. Saa 20 ni kidogo mno, na sioni sababu ya kuziiga.

Huduma ya lazima nayo inategemea imefungwa na nini. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Chuo cha Tulane, New Orleans, kiliposimama tena baada ya kimbunga Katrina cha 2005, nacho kiliamua kwamba asiyehudumia jamii hahitimu. Ila sharti lile lilipita ndani ya kozi zenyewe, likasimamiwa na walimu wa masomo yale. Sisi tulikuwa na huduma upande mmoja na shahada upande mwingine, na fildi yetu imerithi ufa huo.

Suala la fedha halikwepeki. Maskini hajitolei bure wakati anadaiwa kodi ya chumba. Huku, katika mpango wa serikali kuu wa kuwalipa wanafunzi wanaofanya kazi wakisoma, chuo kinatakiwa kitumie angalau asilimia 7 ya fedha hizo kwa kazi za jamii. Nyumbani mkopo una fungu la mafunzo kwa vitendo. Likiingia wiki ya 5, wiki 4 za kwanza mwanafunzi anawaza nauli.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huwapeleka wanafunzi wa udaktari vijijini kwa makundi na kwa awamu, wakiwa na kazi inayojulikana kabla ya kupanda basi. Idara yoyote Dodoma au Morogoro inaweza kuanza na kata moja: miezi 2 kabla ya fildi, mhadhiri amuulize mtendaji tatizo gani linahitaji mikono na akili, waandike ukurasa mmoja wa makubaliano, wapelekwe wanafunzi 6 badala ya 1 kila ofisi. Ripoti itolewe nakala mbili, na moja ibaki kwenye faili ofisini kwa mtendaji, ili kundi la mwaka unaofuata lisianze upya kuhesabu visima vilivyokwisha kuhesabiwa.