Saa Inasema Simama, Watoto Wanasema Kaa

Kuna jamaa mmoja ana kipara, ana kitambi, na ndevu zimeshaanza kuingia mvi. Juzi tumekutana kwenye ngazi. Akajibana ukutani kunipisha, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mzee." Nikageuka nyuma nimtazame huyo mzee anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Na kwa kuwa shikamoo hairudishwi ilikotoka, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekiri kosa mbele ya polisi.

Basi ndiyo hivyo. Nina miaka 68. Wahenga wangesema nimekula chumvi nyingi, na daktari naye kasema hivyo hivyo, ila yeye alikuwa anatazama kipimo cha presha. Walisema pia utu uzima dawa. Enzi za ujana nilidhani hilo ni fumbo la hekima. Kumbe ni maelekezo: kimoja asubuhi, kimoja mchana, viwili kabla ya kulala.

Lakini mimi na uzee hatuna ugomvi. Uzee umekuja kwa adabu, umepiga hodi kwenye goti la kushoto, nikanyamaza, ukaenda kujaribu la kulia. Ugomvi wangu ni na watu wa nyumbani. Wana maagizo mawili yasiyoweza kukaa chumba kimoja, na yote wamenibebesha mimi. La kwanza: "Mzee changamka, kukaa kunaua!" La pili: "Mzee kaa chini, utaanguka!"

Wapi nisimame sasa? Maana hata kusimama kwenyewe ndiko kunakobishaniwa.

Chukua habari ya saa. Binti yangu kaninunulia saa ya mkononi. Msidhani ni ya kutazamia saa, hiyo ninayo tangu ujanani na haijawahi kunisema. Hii inahesabu hatua, inasikiliza moyo, inajua nimelala saa ngapi na nimegeuka mara ngapi. Nikikaa kitambo, inatetemeka mkononi kama mdudu aliyekanyagwa, kisha inaandika neno. Herufi zenyewe ndogo kama siafu wa mbali. Kwa hiyo inapotetemeka, kwanza naenda chumbani kutafuta miwani. Nikiipata, nikaivaa, nikainua mkono nisome agizo, nakuta limeshabadilika: "Hongera! Umesimama."

Nikamweleza binti yangu kwamba kifaa hiki kinanipongeza kwa upofu wangu. Akasema, "Baba, wewe fikisha tu hatua elfu kumi kwa siku."

Elfu kumi. Kwa wiki tatu mimi mtu mzima nimekuwa nikizunguka meza usiku, taa nimezima nisionekane, nikilipa deni la hatua mia tatu na arobaini. Mpaka siku moja nikauliza: hii elfu kumi nani kaipanga? Mjukuu wangu mkubwa akapekua kwenye simu. Kumbe ni Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki ya Tokyo, watu wana hamu ya mazoezi. Kampuni moja ikatoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Namba yenyewe ilikuwa ya kuvutia wateja! Mimi hapa nazunguka meza gizani, nagonga kidole cha mguu kwenye kabati, kwa sababu mfanyabiashara fulani alitaka jina zuri la bidhaa yake.

Shirika la Afya Duniani lenyewe halihesabu hatua. Linahesabu dakika: angalau 150 kwa wiki za mwendo unaokuongezea pumzi kidogo, na siku 2 za kukaza misuli. Kisha sisi wa miaka 65 kwenda juu tumeongezewa mazoezi ya usawa na nguvu, angalau siku 3 kwa wiki. Mjukuu akaniuliza, "Babu, mazoezi ya usawa ndiyo nini?" Nikamwambia ni kusimama bila kuanguka. Akanitazama kwa huruma. "Na hilo ni zoezi?" Subiri, mwanangu. Subiri miaka sitini.

Haya, Jumapili iliyopita watoto wote wamekuja. Tumekaa sebuleni, mazungumzo yamenoga. Nikasikia kiu. Nikaweka mikono kwenye magoti, nikahesabu kimoyomoyo moja mbili tatu, nikainuka. Watu wanne wakaruka kwa pamoja! Ungedhani nimetangaza naenda kuparamia paa. "Baba kaa! Unataka nini?" Maji tu jamani. Mmoja akaleta maji, wa pili akaleta mto wa mgongoni, wa tatu akanisogezea kigoda cha kuwekea miguu, wa nne hakuwa na la kufanya akafunga dirisha. Nikarudishwa kitini kama mtuhumiwa. Sijameza funda la kwanza, saa ikatetemeka.

Na yule aliyenirudisha kitini kwa mkono wake mwenyewe, mwanangu wa kwanza, ndiye alipokuwa anaaga akaniita pembeni, akashusha sauti: "Baba, naona siku hizi unakaa sana."

Sikumjibu. Nilitafuna meno, yaliyopo.

Hawajui wanalofanya, ndilo linaloniuma. Mwili ni bahili kuliko mwenye nyumba. Msuli usiotumika haulipii chakula, unaufukuza. Tangu miaka ya thelathini mtu anaanza kupoteza kidogo kidogo kila muongo, na ukikaa kitini ukiletewa kila kitu, unaupoteza mbio. Kwa hiyo kila glasi ya maji niletewayo kwa upendo, paja langu linaondoka na kipande. Wananipenda mpaka nitashindwa kuinuka.

Nami nina ushahidi. Mwaka 1990 walichapisha utafiti wa Boston, Marekani. Walichukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao kama miaka 90, wakawanyanyulisha vyuma kwa miguu, wiki nane. Waliomaliza, nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Nikampelekea mwanangu habari hiyo, nimeikariri na asilimia zake. Akasema, "Baba, wale walikuwa na wataalamu wanawasimamia." Jibu la maana kabisa, ndiyo maana nikajifanya sikusikia. Na masikio nayo yana kituko chake. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha vipimo vya masikio ya watu 206, akakuta sikio linarefuka wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Kwa hesabu yangu, tangu nina miaka thelathini nimeongezewa milimita nane za sikio. Na kadiri linavyoongezeka ndivyo linavyosikia kidogo. Hivi nyongeza ile ni ya nini? Ya kushikia miwani?

Halafu wapo wa upande wa furaha. Mkwe wangu, mtoto mwenye roho nzuri sana, kila alfajiri ananitumia picha ya jua linachomoza na maua, chini imeandikwa "Uzee ni namba tu." Kama ni namba tu, basi tuondoe tisa, nani atagundua? Akaongeza kwamba kuna Mjapani, Yuichiro Miura, alifika kileleni Everest mwaka 2013 akiwa na miaka 80. Nyumba nzima ikampigia makofi. Jioni yake balbu ya ukumbini ikaungua, nami nikiwa na moto wa Everest nikavuta kiti nipande nibadilishe. Yowe lililopigwa humo ndani, majirani walitoka nje.

Mimi mtu wangu ni Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Huyo ndiye mzee pekee ninayemjua aliyeambiwa kaa chini akakaa kwa hiari yake.

Ila sitaki kumdhulumu mkwe wangu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wa watu wa mji mmoja jimbo la Ohio, Marekani. Waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi kama miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Miaka saba na nusu! Nilikaa kitandani nikapiga hesabu ya manung'uniko yangu yote, nikaona deni linatisha. Nikamuuliza mke wangu, "Hivi mtu anayenung'unika huku anafurahia kunung'unika, huwa anawekwa upande gani?" Akasema, "Wewe utaishi sana, usiwe na wasiwasi." Mpaka leo sijajua kama aliniombea au alijisikitikia.

Sasa niwape lililonileta. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka mitano, gololi yake iliingia chini ya kitanda changu. Hakuna mtu mzima karibu wa kunizuia. Nikashuka. Kushuka hakuna shida, ardhi yenyewe inakuvuta. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono: gololi hii hapa, soksi moja, kalamu, na miwani niliyomshutumu nayo mtu mwezi mzima. Nikafurahi. Kisha nikakumbuka kwamba kuna safari ya kurudi.

Jaribio la kwanza, nikajisukuma kwa mikono. Mikono ikatetemeka, kifua kikabaki palepale. La pili, nikashika kitanda. Kitanda kikanifuata. Nikatulia, nikawa natazama vumbi kwa karibu. Mtoto kasimama, mikono kiunoni.

"Babu, umekwama?"

"Sijakwama. Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri namna ya kusimama."

Akageuka kuelekea mlangoni. "Baba!" Nikamdaka ukosi wa fulana. Nikamwambia mambo ya wanaume hayatangazwi. Tukapatana: gololi yake anachukua, na nyingine kumi nitamletea, naye hakuona kitu. Biashara ilipokamilika, akachuchumaa mbele yangu, akanipa somo kama fundi mzoefu.

"Geuka ubavu kwanza. Haya. Sasa tambaa kama mdogo wangu. Njoo mpaka kwenye kiti. Shika kiti. Mguu mmoja mbele, babu, siyo huo, huo unaouma uache nyuma. Sukuma!"

Nikasukuma. Goti likalia kama mlango wa ghalani, nikapanda. Ana mdogo wake anayejifunza kusimama, ndiko alikosomea. Wiki iliyofuata mtaalamu wa viungo hospitalini akanielekeza vilevile, hatua kwa hatua: ubavu, kutambaa, kiti, mguu mmoja mbele. Tofauti yao ni kwamba mtaalamu alivaa koti jeupe na hakudai gololi.

Nilipofika juu, chumba kikazunguka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kikatulia. Hilo nalo lina maelezo: ukiinuka, damu huteremka miguuni, na mwilini mwa kijana mishipa inabana fasta kuirudisha juu. Kwangu inasubiri lifti. Ndiyo maana sasa nikiamka nakaa kwanza, nachezesha miguu, ndipo nasimama.

Tangu siku ile nina siri. Kila usiku baada ya watu kulala, nasimama mguu mmoja huku napiga mswaki, mkono mmoja uko tayari karibu na sinki. Mguu wa kushoto nafika sekunde kumi na moja. Wa kulia sita, na kati ya hizo mbili ni za kuanguka. Kisha nainuka kitini mara kumi bila kushika popote. Mwisho naenda chini sakafuni kwa makusudi, narudi juu kwa njia ya gololi. Mlango nimefunga, maana wakinikuta pale chini watapiga simu ya gari la wagonjwa kabla hawajaniuliza.

Jana nilikuwa bafuni, sekunde ya nne mguu wa kulia, povu mdomoni, nikasikia kishindo chumbani. Nikatoka mbio, mbio zangu hizi. Mke wangu yuko sakafuni, kwa magoti na mikono, anatambaa kuelekea kwenye kiti.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nafikiri."

Nikasimama palepale na mswaki wangu. Yule mtoto! Gololi kumi nilimlipa ili anyamaze.

"Kakudai ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tano," akasema, akaweka mguu mmoja mbele. "Funga mlango, watoto wasije wakaniona."

Nikafunga. Saa ikatetemeka mkononi. Kwa mara ya kwanza nikaisoma bila miwani, maana sasa neno lenyewe nimelikariri.

"Inasemaje?" akauliza kutoka chini, kashika kiti kwa mikono miwili.

"Inasema simama."

"Iambie inisubiri."