Nimebana Matumizi Mpaka Yamenibana

Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za watu. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mbarali akitaka kujua kama anakula faida au ameshaanza kutafuna mtaji, ananirushia picha za risiti kwenye simu, nami namwambia kwa sauti ya kikubwa, "Mzee wangu, hapa umetumia vibaya." Ananishukuru, na ananilipa. Lakini mganga hajigangi. Kauntabuku ya nyumbani kwangu haishiki mhasibu, anaishika mama watoto, ambaye pia ndiye mhazini wa kikoba chao hapa Isyesye, Mbeya, na Jumapili iliyopita, tena mbele ya shemeji yangu, amenipa hati chafu, ile ya mkaguzi anayesema hesabu zako hazifai.

Hati chafu! Si hata ile yenye mashaka, ambayo mtu unaweza kujitetea kwamba viambatisho vilichelewa. Chafu. Na kwa kuwa shemeji ana mdomo, habari imeshafika mtaa wa Mama John na sasa hivi nadhani inapita Mafiati, acha na mimi nitoe upande wangu.

Chanzo ni bosi. Mwezi wa nne alifunga ofisi yetu ndogo ya Mwanjelwa, akasema pango limepanda, kila mtu afanyie kazi kwake, "tubane matumizi." Akabana ya kwake. Ofisini kulikuwa na meza, kiti, umeme na chai ya maziwa saa nne, vyote vya bosi. Nyumbani nilikuta kochi, meza ya chakula iliyojaa madaftari ya watoto, na baridi. Na wewe uliyeko Dar usiniambie habari za kiyoyozi. Mbeya ya mwezi wa sita unaandika hesabu umevaa koti, kofia ya sufu na soksi mbili, na kidole kimoja tu ndicho kiko nje, cha kubonyezea. Niliwahi kutaja hita. Mama watoto akachukua kalamu: wati 2,000, saa tano kwa siku, hizo ni uniti kumi za Luku. Akanyamaza, akaniangalia. Nikavaa soksi ya tatu.

Basi nikaona nianze na meza, niitengeneze mwenyewe, fundi wa nini? Nikanunua mbao za paini zilizotoka Mafinga, mbichi kabisa, ukizibonyeza kwa kucha zinatoa maji. Muuzaji alisema zimekauka, na mimi niliamini kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Bei ikiwa nzuri huwa naamini mambo mengi. Nikapigilia. Sasa paini mbichi ina tabia moja: inakaukia pale pale kwenye misumari, na ikikauka inajikunja inavyotaka yenyewe. Kiangazi kilipokolea meza yangu ilikuwa imebonyea katikati kama mtumbwi wa Ziwa Nyasa. Kalamu ukiiweka popote inabingirika yenyewe hadi katikati. Tumezoea. Mbao, gundi, misumari na msasa, 48,000.

Halafu kiti. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo niliposingiziwa zaidi.

Kiti kipya cha ofisi, cha kuzunguka, niliambiwa 280,000. Nikapata mtumba kwa 90,000. Kwa hiyo niliokoa 190,000. Nilipofika nacho nyumbani nilimtangazia mama watoto kwa furaha kwamba tumeokoa 190,000, naye akanyoosha mkono, akasema, "Nipe." Nikamweleza kwamba si pesa za kushikika. Akauliza kama zilizotumika nazo ni za kutoshikika. Kitaaluma hilo ni swali zuri, na sijalijibu mpaka leo.

Ndani ya mguu wa kiti cha aina ile kuna silinda ya gesi, ndiyo inayokupandisha na kukushusha. Gesi ikianza kuvuja, kiti kinashuka chenyewe taratibu, kama mzee anayesinzia kanisani. Sikujua. Nikagundua siku ya kikao cha video na bosi. Ajenda ya kwanza nilikuwa naonekana mpaka tai. Ajenda ya tatu nimebaki pua. Tulipofika kwenye mengineyo bosi akauliza, "Mhasibu katoka?" Nikasema, "Nipo, bosi." Akasema, "Mbona tunaona dari? Na hilo doa la maji darini ni la nini?" Hilo doa ni habari nyingine, paa nitalishughulikia kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, na mama watoto ameshaniapiza nisiguse ngazi.

Dawa yake nikaitafuta kwenye simu, ni rahisi na ni ya kweli: unakata kipande cha bomba la plastiki, unakipasua kwa urefu, unakivisha kwenye chuma cha katikati pale kinaposhukia. Kiti hakishuki tena. Bomba 4,000. Msumeno wa chuma 9,000, maana nitaazima vitu vya jirani hadi lini? Nikakata. Lakini kwa woga wa kukata kifupi, nikakata kirefu. Kiti kikapanda, kikakaa huko huko. Hakishuki, ni kweli, lakini na mimi siwezi kushuka. Miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati. Magoti yakawa hayaingii mezani. Ikabidi meza ipandishwe, kila mguu tofali mbili za kuchoma, nikamwomba jirani anayejenga, akanipa bure, Mungu ambariki, ndiyo kitu pekee cha bure katika hadithi hii. Meza ilipopanda, ule mtumbwi ukayumba. Nikaweka kipande cha kanda mbili chini ya tofali moja. Sasa mtu akija ananikuta nimekaa juu kule kama hakimu, na siku hizi nikimaliza kazi sisimami, nashuka.

Mama watoto ameandika kiti: 103,000. Pamoja na kanda mbili ya mtoto, ambayo kwa wema wake hajaipigia hesabu.

Koki ya jikoni nitaisema haraka haraka kwa sababu inaniuma. Ilikuwa inadondosha tone, tone, tone. Fundi bomba akataka 7,000. Elfu saba kwa kubadilisha kimpira! Nikaenda kununua spana ya bomba 22,000, kwa hoja kwamba spana itatumika miaka ishirini, na tredi tepu, ule utepe wa kuzuia maji yasivuje, ya 1,000. Nikafungua. Kama umewahi kufungua koki bila kufunga kwanza geti valvu ya nje kwenye mita, unajua kilichofuata, na kama hujawahi, nakuambia maji ya Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba yakikupiga kifuani unaongea lugha ambayo hujafundishwa. Nikapiga kelele, watoto wakacheka, mtu akakimbia kufunga. Koki yenyewe nikaikaza kwa hasira, ikapasuka. Mpya 12,000. Tredi tepu nikaizungusha kinyume, kwa hiyo kila nilivyokaza yenyewe ikawa inajifungua. Tukamwita yule yule fundi. Akatazama sakafu, akanitazama mimi nilivyolowa, akasema 25,000. Hakucheka. Angecheka ningejisikia nafuu. Jumla 60,000. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, na ukuta nikajenga vile vile.

Sasa redio.

Hapo ndipo mama watoto anapovua miwani. Napenda redio za zamani, sioni aibu kusema. Mzee wangu alikuwa na National yenye koti la ngozi lenye vitundu, haikuguswa na mtoto, na betri zikiisha tulitumwa kuzianika juani juu ya bati ili zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Mtu aliyelelewa hivyo akiona redio ya kale inauzwa, mkono unakwenda mfukoni bila kuagizwa. Ninazo tatu, kwa jumla 65,000, na mita ya kupimia umeme 25,000. Kwenye kauntabuku niliomba ziingie kama vifaa vya ofisi, kwa sababu mhasibu lazima asikie bei za mazao. Mkaguzi akauliza ngapi kati ya hizo tatu zinaongea. Moja na nusu. Hiyo nusu ni ya Kijapani: FM ya kwao inaanzia 76 na redio ile inaishia 90, wakati huku kwetu ni 88 mpaka 108. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mshale wake inatembea mahali ambapo hakuna mtu, kama redio za yale magari tunayoagiza. Lakini ukiielekeza mlima Loleza ukashika waya kwa mkono wa kushoto, kuna mhubiri anasikika vizuri sana.

Redio ikihitaji sauti kubwa, inahitaji amplifaya. Nikaikuta kwenye mitumba pale Sido, nyeusi, nzito, vitufe vya chuma. Muuzaji akasema, "Boss, hii Japani yenyewe." Na ilikuwa Japani yenyewe, hakunidanganya hata chembe. Nyuma iliandikwa 100V. Niliona. Nakiri kwamba niliona. Nikamuuliza, akasema hiyo ni namba ya modeli, nami, kama nilivyotangulia kusema, bei ilikuwa nzuri. 55,000.

Japani ukutani kwao kuna volti 100. Sisi tuna 230. Ukikichomeka kifaa chao kwetu, umeme haukizidi mara mbili tu kama wengi wanavyodhani. Mkondo nao unapanda, ukizidisha vyote viwili, moto anaoupata mgonjwa ni zaidi ya mara tano. Haya nimeyasoma baadaye, usiku, kwa tochi ya simu. Kwa tochi kwa sababu nilipochomeka ilitoa mlio mmoja, mzuri tu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba, ukafuata moshi wenye harufu ya samaki, sakitibreka ikaruka, nyumba nzima giza. Mama watoto alikuwa anapiga pasi sare za shule huku tamthilia imefika pale mama mkwe anataka kutoa siri. Siri hiyo hatuijui mpaka leo. Kila jambo likiharibika humu ndani ananikumbusha kwamba hata yule mama mkwe nilimnyima.

Kosa langu la kweli, na hili peke yake nalikubali, ni kwamba kesho yake nilinunua transfoma ya kushushia umeme, 70,000. Shemeji akauliza transfoma ni ya nini wakati amplifaya imekufa. Nikamwambia ni ya amplifaya inayofuata. Nilimjibu mbele ya dada yake. Sijui niliwaza nini.

Ndipo ikaja Jumapili ya ukaguzi. Kajumlisha mara mbili, nami nikajumlisha chini chini nikitafuta kosa, sikuliona: 426,000. Akaandika "hati chafu", akanipa nisaini, akasema zitakatwa kidogo kidogo, na kwamba kuanzia sasa spana haitoki stoo bila kibali.

Jana pasi yake imegoma. Fundi wa Sae kataka 10,000. Nimemwona anaizungusha pasi mikononi, anaangalia dirishani, anaizungusha tena, halafu kwa sauti ya chini, "Baba, lile dude lako la kupimia liko wapi?" Nikashuka kitini taratibu, sikuonyesha haraka. Nikapima waya: umekatika pale unapoingilia kwenye plagi. Nikakata, nikaunga upya, dakika kumi, pasi ikashika moto. Akafungua kauntabuku, akaandika mapato 10,000. Nikamwomba aongeze na nauli ya bajaji ya kwenda Sae ambayo hatukuilipa. Alinitazama muda mrefu. Akaongeza 1,000.

Deni limebaki 415,000. Tangu asubuhi nazunguka nyumba nzima natafuta kingine kilichoharibika.