Bei ya bembea imepanda, lakini anayelipa si mjinga

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, mabaraza ya Mombasa hutoa hukumu ileile: mzazi anayelipa kiingilio ili watoto wake wakacheze ametupa pesa. Akiwapeleka bustani ya maji ya Nyali ataambiwa ni mharibifu. Akithubutu kuwapandisha ndege kwenda Dubai, au Florida kwa wale wenye jamaa Marekani, huyo ndiye amepotea kabisa. Hoja yenyewe ni fupi na ina nguvu. Bahari tunayo, haina tikiti. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina imekarabatiwa tangu 2019. Unaingia bure, unakula muhogo wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, huku meli zinapita mbele yako kuelekea Kilindini. Hata feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu. Sasa kiingilio cha nini?

Ni hoja ya watu wenye akili, na mwenye kipato kidogo akiishika simlaumu. Lakini imekuwa ikisemwa peke yake mno, na wanaolipa wamejinyamazia kana kwamba wana hatia. Nionavyo, wengi wao wanajua vizuri wanachonunua.

Kwenye bei, wakosoaji wana haki yao, ingawa mara nyingi hushika nambari isiyofaa. Husema kwamba Disneyland, bustani ya michezo ya kampuni ya Disney, ilipofunguliwa California mwaka 1955, mtu mzima aliingia kwa dola moja. Ni kweli, ila dola hiyo ilikuvusha lango tu. Bembea, yaani michezo yote ya kupanda, zililipiwa mbali, na utaratibu wa kununua vitabu vya tikiti uliendelea hadi miaka ya 1980. Ukitaka kulinganisha kwa haki, anzia 1982, mwaka Epcot, bustani nyingine ya Disney, ilipofunguliwa Florida. Wakati huo dola 15 zilikupa siku nzima na kila bembea iliyomo. Dola 15 za 1982 ni kama dola 50 za leo. Magic Kingdom, jirani ya Epcot, ilifikisha dola 209 kwa siku moja mwishoni mwa 2025. Kwa hiyo hata ukiutoa mfumuko wa bei, tikiti imepanda zaidi ya mara nne.

Na bado hujasimama kwenye foleni. Kuanzia 1999 kulikuwa na mpango wa bure uliomwezesha mgeni kujiwekea nafasi kwenye bembea kubwa na kurudi saa yake ikifika. Mwaka 2021 nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia, na tangu 2024 kuna pasi ya kupita foleni za haraka ambayo huko Florida iliwekewa bei ya hadi dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku, nje ya tikiti ya mlangoni. Basi la bure lililowachukua wageni wa hoteli za Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando nalo likaondolewa 2022. Hapa ndipo watu wanapohisi wanakamuliwa. Bei kubwa moja mtu huweza kuipangia. Ya vipandevipande humfika akiwa ameshaingia, watoto wanamwangalia usoni.

Kampuni nayo ina lake la kusema, na si la kupuuzwa. Bustani haipanuki kwa sababu ni Krismasi. Siku ya sikukuu ikiuzwa sawa na siku ya kawaida, wote watakuja siku hiyo hiyo, foleni zitakuwa za masaa, na hata aliyelipa kidogo atarudi nyumbani amenuna. Isitoshe bembea mpya hugharimu mabilioni ya shilingi. Mwaka 2023 Disney ilisema itatumia dola bilioni 60 kwa bustani na meli zake katika miaka kumi. Sawa. Lakini katika mwaka wake wa fedha wa 2024, bustani, meli na bidhaa ndizo zilizoleta zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji ya kampuni nzima, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakiwezi kubeba mzigo wote huo.

Kinachoninyima raha zaidi ni pengo la bei. Disneyland ya California ilipotangaza bei zake mpya Oktoba 2025, siku ya chini kabisa ilibaki dola 104 na ya juu kabisa ikawa 224. Lango ni lilelile, bembea ni zilezile. Tofauti ni dola 120, kama shilingi 15,500 kwa kila mtu mzima. Kwa baba, mama na watoto watatu waliofika umri wa kulipa kama watu wazima ni karibu shilingi 77,000, na hazinunui chochote isipokuwa tarehe.

Nani anaipata tarehe ya bei nafuu? Ni mtu anayeweza kwenda katikati ya wiki shule zikiwa zimefunguliwa: mstaafu, wanandoa wasio na watoto, mwenye kazi anayoifanyia popote kwenye kompyuta yake. Mahali palipojengwa kwa ajili ya watoto panauzwa rahisi siku ambazo watoto wako darasani. Mwalimu hana ujanja hapo. Kuli wa bandarini aliyepangiwa likizo yake na msimamizi hana. Mama wa watoto watatu walio shule mbili tofauti ndiye hana kabisa.

Huku kwetu kamba hiyo inabana zaidi. Mtoto wa Majengo au Kisauni yuko shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili asubuhi yuko madrasa. Zikibaki, zimebaki likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Desemba ndiyo hiyo treni ya Nairobi inafika imejaa, na nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 badala ya 1,000; hoteli zinapandisha, matatu zinapandisha, na walio na viti na slaidi za kukodisha nao hawabaki nyuma. Mtoto wa Kongowea analipa bei ya msimu ulioletwa na wageni wa bara. Na Idi je? Idi huja kwa kuandama kwa mwezi. Tikiti ya tarehe humtaka mtu akate mapema ndipo apate nafuu, na sisi mpaka usiku wa mwisho hatujui kama kesho ni sikukuu au tunafunga tena. Ratiba ya bei inayotegemea kalenda iliyochapwa inamwadhibu anayefuata mwezi, hata kama aliyeipanga hakuwa na nia hiyo.

Ndiyo maana simwiti mjinga mzazi anayelipa bei ya msimu. Hana msimu mwingine.

Turudi kwenye bahari ya bure. Nenda Pirates pale Bamburi siku ya pili ya Idi, maji yakiwa yanajaa. Watu ni wengi hadi mchanga hauonekani, ngamia anapita, tyubu za kukodi zimetapakaa, na baba mwenye watoto wanne hawezi kuwahesabu vichwa kwa sababu kila kichwa majini ni cheusi na kimelowa. Bahari ya mwambao haimwonei huruma asiyeijua. Palipokuwa magotini saa tatu, saa saba pamefika shingoni, na siku za bamvua ndiyo zaidi. Kila msimu wa sikukuu tunasikia za waliozama. Tena wako wengi humu mjini, wasichana hasa, waliozaliwa wakiisikia bahari kutoka kitandani na hawajui kuogelea, kwa kuwa hapakuwa na mahali penye staha na usalama pa kujifunzia. Kwa mama wa msichana kama huyo, dimbwi lenye kina kinachojulikana na mwokoaji aliyesimama kando na filimbi halimshindani na bahari. Ni kitu kingine, na ndicho alichotoa pesa kukinunua.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwenye bustani moja ya maji huku kaskazini mwa kisiwa, nilikaa karibu na mama wa makamo aliyekuwa ukingoni mwa dimbwi la watoto, buibui limelowa hadi magotini, mkobani ameweka viatu vya watoto watano. Binti yake, kama wa miaka minane, aliteremka slaidi ndogo akilia. Akatoka majini, akafuta pua kwa kiganja, akakimbilia ngazi tena. Akashuka. Akapanda. Baadaye hakulia tena, alikuwa anapiga kelele za kumwita mamake amwangalie, na mamake alikuwa anamwangalia kwelikweli. Simu iko mkobani chini ya viatu, hakuna chungu jikoni, hakuna mgeni mlangoni, hakuna wa kumtuma. Kwa masaa kadhaa mama huyo hakuwa na kazi nyingine duniani. Nyumbani siku kama hiyo haipatikani, wala ufukweni, ambako jicho lazima liwe kila upande kwa woga.

Hilo ndilo wakosoaji hawalitii kwenye hesabu. Wanagawa kiingilio kwa idadi ya bembea, wanaona kila moja imegharimu kiasi gani, wanatikisa kichwa. Mzazi anagawa kwa kitu kingine: mtoto atakuwa na umri wa kuogopa slaidi na kuipenda kwa muda gani? Miaka minne, mitano. Kabla ya hapo ni mdogo hakumbuki, na baada ya hapo yuko na wenzake, hataki kuonekana na wewe.

Haimaanishi ulipe kila unachotajiwa. Pasi ya foleni ya dola mia nne na kitu siitetei kwa lolote. Haiongezi bembea hata moja. Inamrudisha nyuma mtoto aliyesimama juani ili wa mwenzake apite, na watoto wote wawili wanaona. Siitetei pia safari ya mkopo wa simu. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Mombasa, kilichowekwa Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Tikiti moja ya dola 224 ni kama shilingi 29,000. Hapo hakuna mjadala wa thamani, maana mtu hujikuna ajipatapo. Ninayemtetea ni yule aliyeweka kidogokidogo, watoto wakaongeza hela zao za mkono wa Idi, na karo imeshalipwa. Huyo akienda mara moja katika utoto wa wanawe, asisemwe.

Tena kwa watu wa mji huu kuna mlango ambao wachambuzi wa Marekani hawana sababu ya kuuona. Mombasa ina jamaa Ghuba: shangazi Sharjah, mwamu Abu Dhabi, kaka Muscat. Tangu Januari 2024 ndege za shirika la flydubai zinatua uwanja wetu wa Moi zikitoka Dubai moja kwa moja. Gharama kubwa ya safari kama hizi ni malazi, na anayelala kwa shangazi ameshaikata. Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kina bustani za michezo: Ferrari World tangu 2010, Warner Bros. World tangu 2018 na SeaWorld tangu 2023, na Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba bustani yake ya Mashariki ya Kati itajengwa hapohapo, kwa ushirikiano na kampuni ya Miral. Jambo la kutazama ni kalenda. Agosti yetu kule ni kiangazi kikali, joto linapita nyuzi 40, wakazi wenye uwezo wamekimbilia nchi za baridi, hoteli zinashusha bei. Bustani hizo tatu sehemu kubwa ziko ndani, chini ya viyoyozi. Yaani likizo inayotuumiza huku ndiyo inayotufaa kule. Desemba ni kinyume chake: hali ya hewa nzuri, watalii tele, bei juu. Aliye na nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili asishawishike na picha za Desemba.

Na wenye bustani za huku kwetu? Nina neno moja nao, nalo ni la kikapu. Siku ile niliyoitaja nilimwona askari getini akifunua hotipoti ya familia iliyokuwa mbele yetu. Pilau bado inatoa moshi, kachumbari pembeni, viazi vya karai vimefungwa kwenye gazeti. Akawaambia chakula cha nje hakiruhusiwi, wakairudisha kwenye gari la jirani aliyewaleta, na ndani wakanunua chipsi za watu saba. Sasa, Disney hiyo hiyo tunayoilaumu kwa uchoyo inamruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo vilevi, ilimradi hakuna vyombo vya glasi na kikapu hakizidi kipimo. Kwa familia ya Kiswahili matembezi bila chakula cha nyumbani ni nusu matembezi, na kwa mzazi wa watoto watano, chipsi na soda za ndani zaweza kushinda kiingilio. Mwenye bustani akiogopa taka, aweke eneo la kulia lenye mikeka na atoze ada ndogo ya usafi. Akiogopa hasara ya mkahawa wake, ahesabu familia ngapi huja mara moja kwa mwaka ambazo zingekuja Aprili na Agosti pia. Kiingilio kinaweza kubaki pale pale kilipo. Pilau ikipita getini, wengi wanaobaki nje watakimudu.